Risasi za .375 zenye kichwa cha Swift A-Frame: uzoefu wangu, na habari ya baruti kwenye joto letu

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa mtu anayewinda mbogo na pofu kwa bunduki ya .375 H&H, risasi za kiwanda cha Federal zenye kichwa cha Swift A-Frame cha greni 300 (gramu 19.4) ndizo ninazonunua zikipatikana. Zisipopatikana, bora niahirishe safari kuliko kubeba chochote nilichokikuta dukani. Bei yake inauma, sikatai. Pakiti ina risasi 20, na ukishatoa za kupigia shabaha, zilizobaki za kwenda nazo porini unazitunza kwa uchungu.

Wengi wanaonitafuta hapa Dar kuniuliza habari za risasi huanza na kasi. Inakimbia futi ngapi? Hizi hutoka kwenye mtutu kwa futi kati ya 2,400 na 2,500 kwa sekunde, yaani mita 730 hadi 760, na ziko nyingine sokoni zenye kasi kubwa kuliko hiyo. Lakini mbogo hafi kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Anakufa pale kichwa cha risasi kinapovunja bega, kikapita, kikafika kwenye moyo na mapafu kikiwa bado na uzito wake. Kwa hiyo mimi naangalia kichwa kwanza, halafu baruti, kasi naiweka mwisho kabisa.

A-Frame ina vyumba viwili vya madini ya risasi (yale mazito ya kijivu, lead), na katikati yake kuna ukuta wa shaba unaovitenga. Wazo la ukuta huo si geni. John Nosler wa Marekani alilifikia baada ya mwaka 1946, alipokuwa akiwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko Kanada na vichwa vya kasi vya wakati ule vikawa vinapasuka juujuu bila kuingia ndani. Yeye akatengeneza Partition. Kampuni ya Swift ilichoongeza ni kuunganisha madini ya chumba cha mbele na koti lake la shaba, yasimwagike yanapokutana na mfupa. Sehemu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma.

Nina kimoja mezani hapa. Kilitoka kwa dume la mbogo tuliyempata kusini, ng'ambo ya Rufiji, kwenye kichaka kizito ambako huoni zaidi ya hatua hamsini. Kiliingia bega la kushoto na mchunaji akakikuta chini ya ngozi upande wa pili, kimekwama pale ngozi ilipovutika ikakataa kuchanika. Mbele kimechanua mpaka kuzidi mara mbili ya upana wake wa awali, petali za shaba zimejikunja kurudi nyuma, na ndani ya mikunjo bado kuna vumbi la mfupa ambalo sijataka kulisugua. Nyuma ya ule ukuta kimetuna kidogo, kama ambavyo A-Frame hufanya. Nilikipeleka kwa sonara Kariakoo, akakiweka kwenye mzani wake wa dhahabu bila hata kuuliza ni nini. Gramu 18.6. Kipya kina gramu 19.4. Yaani kimevunja bega, kimepita kifua kizima, na kilichopotea hakifiki gramu moja.

Sasa linganisha na risasi za bei rahisi, zile za kichwa laini cha kawaida, ambazo sitazitaja jina. Kwa swala pala na ngiri hazina tatizo. Kwa kuro mkubwa aliyesimama kiubavu, nimeona koti la shaba likibaki kwenye msuli wa bega huku madini yake yamesambaa vipandevipande, na mnyama akatutembeza hadi jua likawa linazama. Tulimpata. Lakini kuro akikutembeza ni uchovu tu, mbogo akikutembeza ni habari nyingine, na mfuatiliaji ndiye anayetangulia mbele.

Vichwa vya shaba tupu, kama vya Barnes, navyo nimevitumia. Kampuni hiyo ilianza kuviuza mwaka 1989 na leo vina wafuasi wengi. Kwa kuzama ndani, sioni cha kuvishinda; mara nyingi vinatokea upande wa pili na kwenda zake, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mbogo hasimami peke yake. Ukipiga kwenye kundi na risasi ikatoka na nguvu, unaweza kumjeruhi aliye nyuma, na majeruhi ni wako kisheria na kiubinadamu. Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 300 ni kirefu kuliko cha madini chenye uzito uleule. Urefu huo unaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ndiyo maana wanaovijua vizuri kwenye .375 hushuka hadi greni 270, na hawapotezi kitu, maana kichwa hakipungui uzito njiani. Kama unawinda dume lililojitenga peke yake, chukua hivyo na usinisikilize mimi.

Kuna wanaouliza kwa nini nisijaze risasi mwenyewe. Jibu ni fupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu ukae sebuleni Kimara na kopo la baruti na mashine ya kukandamizia vichwa. Kutengeneza risasi kunataka leseni yake, na leseni ya kumiliki bunduki si leseni hiyo. Niliyojifunza kuhusu baruti nimeyapata kwa shemeji yangu anayeishi Pretoria, ambako wawindaji wengi hujaza wenyewe kwa kufuata sheria ya kwao.

Nilipomtembelea nilianza na swali la kila mgeni, baruti ipi ina nguvu zaidi. Akacheka. "Shemeji, usiulize nguvu. Uliza inaungua kwa mwendo gani."

Mtutu wa .375 ni mpana. Kichwa kikianza kusogea, nafasi ya gesi nyuma yake inaongezeka haraka. Ukiweka baruti ya polepole mno, ile inayopendwa kwenye magnamu za .300 zenye ganda kubwa na mtutu mwembamba, nyingine itaungulia mdomoni mwa mtutu: moto na kelele, faida hakuna. Ukiweka ya haraka mno, presha inapanda kabla kichwa hakijaondoka vizuri. Zinazofaa ni za katikati. Yeye ana Somchem S335 na S365 za hukohuko kwao, na rafuni nilikuta pia IMR 4350, Reloder 15 na Varget, majina ambayo mtu wa .375 yeyote duniani anayafahamu. Anapenda baruti inayojaza ganda karibu lote, isiwe inachezacheza ndani, maana ikilala upande mmoja fataki, kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda, huiwasha leo hivi, kesho vile. Vipimo vyake sivitaji humu, na yeye mwenyewe havikopi kwa rafiki. Anavitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, anaanzia chini.

Kilichonifungua macho ni joto. Alichukua risasi alizojaza kwa baruti mbili tofauti, nusu akaziweka kwenye deli la barafu, nusu akaziacha juu ya boneti ya gari hadi zikawa hazishikiki. Tukazipiga mbele ya mashine ya kupima kasi. Varget ilibadilika kidogo sana, baruti hiyo hutengenezwa Australia mahsusi isiyumbishwe na hali ya hewa. Ile nyingine, ya zamani yenye nitrogliserini, iliruka juu. Risasi za kwenye boneti zilipopigwa, bolti, yaani komeo la bunduki, ikawa nzito kuinua, na ganda lilipotoka fataki ilikuwa bapa kabisa, imetanda hadi ukingoni mwa tundu lake, dalili ya presha kupita kiasi. Shemeji akasitisha zoezi palepale, zilizobaki akazivunja jioni hiyo.

Fikiria sasa Dar, mwezi wa pili, gari limeegeshwa juani Kariakoo vioo vimefungwa.

Waingereza walilijua tatizo hili zamani. Holland & Holland walipoitoa .375 mwaka 1912, baruti yao ilikuwa kodaiti, nyuzi ndefu zenye nitrogliserini nyingi, na bunduki zilikuwa zinakwenda India na Afrika. Lile ganda refu linalopungua unene taratibu kuelekea mbele lilimeza zile nyuzi vizuri, na likawa haling'ang'anii chemba, ile sehemu ya mtutu inayopokea risasi, hata presha ikipanda. Hadi leo ndiyo sababu mojawapo ya bunduki hii kupendwa huku: inakula na kutema bila ubishi.

Ukinunua risasi za kiwandani, boksi halikuambii ndani kuna baruti gani. Njia pekee ni kuzipima kwenye joto lako. Hizi za A-Frame nimezipiga kwenye uwanja wa shabaha asubuhi na nikazipiga saa nane mchana zikiwa zimekaa mfukoni juani. Bolti ilifunguka kwa vidole viwili nyakati zote, na kwenye mita 100 matundu ya mchana na ya asubuhi yangefunikwa kwa kiganja kimoja. Kwangu hicho ndicho kipimo kilichonifanya nizilipie.

Malalamiko ninayo. Zinapiga teke la haki, na ukiwa na bunduki nyepesi bega litakukumbusha usiku. Kwa wanyama wadogo ni ufujaji. Kwa swala pala kichwa hiki hakipati upinzani wa kutosha kuchanua sawasawa, na pesa yako inapita upande wa pili. Pia usidhani risasi ngumu zisizochanua, zile tunazozifuatishia kwa mbogo aliyegeuka kukimbia, zitapiga palepale zinapopiga hizi. Kwenye bunduki yangu zinashuka chini kidogo. Pima zote mbili kabla ya kutoka mjini.

Wenye bunduki za 9.3x62 wataniuliza mbona siitaji. Naipenda. Otto Bock wa Berlin aliitoa mwaka 1905, iingie kwenye Mauser ya kawaida isiyo ghali, na wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya utawala wa Mjerumani, kwa hiyo ni bunduki yenye asili na huku. Kichwa chake cha greni 286 kinafanya kazi ambayo wengi wanaidharau kwa kusoma karatasi tu. Ila kwa mbogo, ukiongea na wawindaji bingwa na maofisa wa wanyamapori, mazungumzo yanaanzia .375. Uliza ofisini kabla hujanunua, usiulize kijiweni.

Kuhusu utunzaji, sisi wa pwani tuna adui mwingine zaidi ya joto. Risasi zikikaa muda mrefu kwenye mkanda wa ngozi, hewa ya chumvi na dawa za ngozi huleta kutu ya kijani kwenye ganda, na risasi yenye kutu hiyo inaweza kukwama ndani ya chemba. Zangu zinalala kwenye boksi lake, ndani ya sefu, na kwenye mkanda zinaingia asubuhi ya kuwinda tu. Njiani kwenda porini zinasafiri chini ya kiti upande wa kivuli, kamwe si kwenye dashibodi.

Ukipata duka lenye hizi, soma namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi. Kama kibali chako kinaruhusu pakiti mbili, chukua zenye namba moja, kwa sababu kiwanda hubadilisha shehena ya baruti kati ya toleo na toleo, na darubini uliyoiweka sawa kwa toleo la mwaka jana huenda isikubaliane na la mwaka huu. Muuzaji atanung'unika akitafuta nyuma ya rafu. Mwache anung'unike.