Twisheni ya hesabu Mbagala: mwalimu safi, chumba hapana

Binti yangu wa kidato cha pili anasoma twisheni ya jioni huku kwetu Mbagala. Juzi nilikaa nyuma nisikilize. Kikokotoo marufuku. Kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, kiko wapi? 1.4 kwa 1.4 ni 1.96, haijafika; 1.5 kwa 1.5 ni 2.25, imepita. Wakabana tena: 1.41 inatoa 1.9881, 1.42 inatoa 2.0164. Ndipo mwalimu akasema desimali za kipeuo hicho haziishi wala hazijirudii, na vivyo hivyo pai (mzingo wa duara ukigawa kwa kipenyo chake): 22/7 ni makadirio yake tu. Mimi seremala, kipeuo hicho, karibu 1.414, nakipima kona kwa kona kwenye fremu ya mraba ya mita moja! Ila watoto wamebanana mno, na feni ni pambo. Ada inalipwa kwa wiki.