Gia ndogo za chuma kwa roboti: uzoefu wangu wa kuzichagua na kuzifunga

Gia za chuma zenye meno yaliyonyooka nimezitumia kwenye mkono wa roboti, kwenye mkanda mdogo wa kusogeza vitu na kwenye mlango unaojifungua kwa kihisi. Kwa kazi za ukubwa huo, chuma chenyewe hakijawahi kuniangusha: sijaona jino likikatika. Kinachosumbua ni tundu la katikati, skrubu inayobana shafti, na umbali kati ya shafti mbili. Kwa hiyo ukiona tangazo linalosifu ugumu wa chuma kwa maneno mengi lakini halisemi tundu ni milimita ngapi wala kama gia ina shingo, pita.

Nianze na moduli, maana hapo ndipo watu wengi hununua vitu visivyoumana. Moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita. Ukiizidisha kwa idadi ya meno unapata kipenyo cha duara ambalo gia mbili hukutania. Gia ya moduli 1 yenye meno 20 ina duara la milimita 20, na kipenyo chake cha nje ni milimita 22, kwa sababu meno huongeza moduli moja kila upande. Kama una gia isiyo na maandishi, pima kipenyo cha nje kwa kalipa, hesabu meno, jumlisha 2, kisha gawanya kipenyo kwa jumla hiyo. Ukipata 0.5, 0.8 au 1, umeijua.

Ukipata kitu kama 0.53, hiyo si moduli 0.5 iliyotengenezwa vibaya. Ni gia ya kipimo cha inchi, meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, aina inayopatikana sana kwenye magari ya kuchezea ya rimoti. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukizikutanisha kwa mkono zitazunguka kidogo, ukiweka mota zinaanza kusaga na kupiga kelele. Gia yenye meno 40 ya kipimo hicho ina kipenyo cha nje cha milimita 22.2, na ya moduli 0.5 ina 21. Kalipa ya bei rahisi kabisa inaiona tofauti hiyo. Pembe ya mgandamizo, yaani pembe ambayo meno husukumana, nayo lazima ifanane: gia nyingi za leo ni nyuzi 20, za zamani ziko za 14.5, na hizo mbili hazichanganywi hata kama moduli ni moja.

Sasa tundu. Mota ya hatua (inayozunguka kwa vipande vidogo vidogo) ya ukubwa uitwao NEMA 17, ambayo wengi wetu tunaitumia, ina shafti ya milimita 5. Ukichukua gia ya moduli 0.5 yenye meno 15 ukaitoboa tundu la milimita 5, angalia kinachobaki. Kipenyo kwenye mashina ya meno ni milimita 6.25. Toa 5, gawa kwa mbili: ukuta wa chuma kati ya shafti na shina la jino ni milimita 0.6 na kidogo. Hapo hakuna pa kuweka skrubu, na ukuta wenyewe ni mwembamba mno kwa gia inayobeba mzigo. Gia yenye meno 15 hayo hayo lakini ya moduli 1 inabakiwa na ukuta wa milimita 3.75, na mambo yanakuwa mengine kabisa. Hii ndiyo hesabu ninayoifanya kabla ya kuangalia kitu kingine chochote kwenye orodha ya muuzaji. Kwa shafti ya milimita 5 na moduli 0.5, mimi sishuki chini ya meno 20, na lazima gia iwe na shingo inayotokeza upande mmoja ambako skrubu itakaa mbali na meno.

Kuhusu skrubu yenyewe, nachagua gia zenye skrubu mbili zilizokaa kwa pembe ya nyuzi 90. Skrubu moja kwenye shafti ya duara itashikilia mkono wa roboti ukiwa mtupu, lakini ukibeba kitu na mota ikageuza mwelekeo ghafla, gia huteleza kidogo kidogo na roboti inapoteza mahali ilipo bila kukuambia. Shafti yenye upande bapa ndiyo dawa. Kama haina, piga bapa kwa tupa pale skrubu itakapokaa, halafu weka tone la gundi ya kufungia nyuzi za skrubu, ile ya nguvu ya kati ambayo bado unaweza kuifungua kwa alenki. Usiweke ile ya nguvu kubwa kwenye skrubu ndogo ya M3, kwa sababu siku ya kufungua utaharibu tundu la alenki.

Kuna mzigo mmoja nilioagiza kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambao picha zilivutia, na gia zilipofika matundu hayakuwa katikati. Ukishika gia kwa vidole huoni kitu. Niliifunga kwenye shafti, nikaikutanisha na gia nyingine, nikazungusha polepole kwa mkono: mahali fulani inakaza, nusu mzunguko baadaye inalegea na kucheza, kisha inakaza tena pale pale. Nikapaka meno wino wa kalamu ya maka, nikazungusha tena, na wino ukafutika upande mmoja tu wa duara. Hakuna grisi wala kurekebisha nafasi kutakakotibu hilo. Tangu hapo kila gia inapita kwenye kipimo hiki cha wino kabla sijaifunga mahali pake, na muuzaji ninayerudi kwake ni yule anayeandika ustahimilivu wa tundu, yaani kiasi ambacho kipenyo chake kinaruhusiwa kupotoka. Tundu la milimita 5 la daraja la H7 linaruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.012 tu, na ukilivisha shafti unalisikia: linaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, halitikisiki. Kupanua tundu kwa keekee ya mkono sikushauri, utalihamisha katikati. Ni bora kununua tundu kubwa na kuvisha bushi, yaani kijibomba cha kujaza nafasi kati ya tundu na shafti.

Umbali wa kati kwa kati ni jumla ya meno ya gia zote mbili, mara moduli, gawanya kwa mbili. Meno 15 na 60 ya moduli 1 yanakupa milimita 37.5. Hapa moduli kubwa inasamehe zaidi. Meno ya moduli 1 yanaingiliana kwa kina cha milimita 2, ya moduli 0.5 kwa milimita 1 tu. Ukikosea kutoboa bamba kwa milimita 0.2, kwenye moduli 0.5 umepoteza sehemu ya tano ya mshikamano wote. Kwa anayetoboa kwa mkono au kuchapa fremu kwa printa ya 3D, nasema bila kusita: anza na moduli 1. Na toboa matundu ya mota yawe marefu kidogo ili uweze kuisogeza, uikaze pale gia zinapozunguka kwa ulaini huku zikiacha mwanya mdogo sana. Zikibanwa bila mwanya wowote, zinaunguruma na mota inapata moto.

Uzito ndio unaonifanya nisinunue kila kitu cha chuma. Gia ya moduli 1, meno 60, upana wa milimita 10, ikiwa kipande kizima, inakaribia gramu 220. Servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) ya ukubwa wa kawaida yenye gia za chuma ndani ina gramu kama 55. Ukiweka gia hiyo kwenye kiwiko cha mkono wa roboti, mota ya bega itatumia nguvu zake kuinua gia badala ya mzigo. Gia ya ukubwa huo huo ya plastiki ngumu aina ya POM ni kama gramu 40. Mpangilio ninaoupenda ni gia ndogo ya chuma kwenye mota, gia kubwa ya POM kwenye kiungo. Kwa uwiano wa 1 kwa 4 kila jino la gia ndogo linafanya kazi mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa ile kubwa, kwa hiyo chuma kinakuwa pale kinapohitajika, na kelele inapungua sana. Ila pitisha msasa laini kwenye kingo za meno ya chuma kwanza. Zikija na makali ya kiwandani zinaikwangua plastiki kuwa unga mweupe.

Aina ya chuma? C45 ya kawaida, yaani chuma chenye kaboni ya wastani, inatosha. Iliyogumishwa kwa moto meno yote hadi kwenye shingo haitoboleki kwa biti za nyumbani, na nguvu hiyo ya ziada hutaitumia. Chuma kisichoshika kutu kinafaa penye unyevu, lakini gia mbili za aina hiyo zikisagana kavu huwa na tabia ya kung'ang'aniana, kwa hiyo grisi ni lazima. C45 nayo hushika kutu haraka ukishaifuta mafuta yake kwa vidole, basi ipake grisi nyepesi ya lithiamu, kiasi cha kung'arisha meno tu, la sivyo itarushwa hadi kwenye kihisi.

Oda yangu inayofuata ni gia ndogo za moduli 1, meno 17 na 20, tundu la milimita 5, zenye shingo na skrubu mbili. Nimechagua 17 badala ya 15 kwa kuwa chini ya 17, kwa pembe ya nyuzi 20, mashina ya meno huanza kuliwa wakati wa kukatwa, na kwenye bega la roboti nataka shina lililo kamili.