Dada wa uzi Mwanjelwa: kwa wenye ndevu na ngozi ya aleji

Nina ndevu. Zilianza nikiwa na miaka 19, nywele nne ngumu chini ya kidevu, na leo nina miaka 34, zimeshapanda hadi kwenye taya. Mama anazo, bibi alikuwa nazo. Kinachonitesa ni ngozi: nikibadilisha sabuni tu, uso unawasha wiki nzima.

Kwa miaka mingi nilitumia wembe. Watu husema wembe unafanya nywele ziwe nene. Si kweli, ncha iliyokatwa inakuwa butu, ndiyo maana ukipapasa unahisi miiba. Ila nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini kabisa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mimi kila kipele kiliniachia doa jeusi. Mwezi wa sita nikanunua krimu ya kuondoa nywele. Hizi krimu zinayeyusha protini ya nywele, na ngozi ya juu imejengwa kwa protini hiyohiyo. Sikuijaribu kwanza nyuma ya sikio nisubiri siku moja, nilipaka moja kwa moja usoni. Nikaamka kidevu kimevimba, kinatoa maji. Na baridi ya Mbeya mwezi wa sita mnaijua. Nilifundisha wiki mbili nimejifunga mtandio hadi puani.

Jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwa huyu dada anayeng'oa nywele za uso kwa uzi, nyuma ya soko la Mwanjelwa, chumba kimoja chenye pazia la kijani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunikatalia. Alinisogeza mlangoni penye mwanga, akanigeuza shingo huku na huku, akasema, "Dada, hapa pana kidonda. Uzi sipitishi. Kaa wiki tatu, paka mafuta ya mgando tu, halafu uje." Akaniuliza napaka nini kingine. Nikamtajia krimu ya chunusi ya usiku niliyoandikiwa hospitali. Akaniambia nikiwa natumia ile, nisikubali mtu aniwekee nta ya kung'olea nywele usoni, maana krimu hiyo inalainisha ngozi na nta itabanduka nayo. Nilipouliza duka la dawa wakaniambia hivyohivyo. Kwa siku hiyo hakuchukua hata shilingi, na hapo ndipo nilipomwamini.

Niliporudi kidevu kilikuwa kimekauka. Alinawa mikono, akanifuta kwa maji ya uvuguvugu, akanipaka poda kidogo ili uzi usiteleze. Uzi ni wa pamba wa kushonea, anaukata mpya mbele yako na ukimaliza anautupa. Wengine hushika ncha kwa meno. Yeye anaifunga shingoni mwake, na kwa hilo namsifu sana. Anausokota katikati, kisha mikono inafunguka na kufunga kama mkasi, na nywele zinatoka na mizizi yake. Ngozi yenyewe haipakwi dawa yoyote wala haibanduliwi, na kwa mtu wa aleji hiyo ndiyo faida yote.

Inauma. Kwenye taya unavumilia, chini ya kidevu machozi yanakutoka, juu ya mdomo ndiyo balaa. Kila baada ya muda anasimama na kukugandamiza kitambaa cha maji baridi. Dakika 25 tukawa tumemaliza. Wekundu ulipotea kabla ya magharibi, siku ya pili vikatoka vipele viwili, vikaisha vyenyewe. Nakaa wiki tatu hivi ndipo narudi, na madoa ya zamani yameanza kufifia.

Aliniuliza pia kama hedhi yangu inakwenda sawa. Akasema ndevu zikija ghafla na siku zikivurugika, mtu aende hospitali akapimwe homoni, uzi hautibu hilo. Kwetu ni za ukoo, lakini nimemweleza mdogo wangu wa Tukuyu ambaye siku zake zinaruka miezi, na ameshakwenda.

Kasoro zipo. Hana benchi la wanaosubiri, unasimama nje kwenye upepo, na Jumamosi nimesimama saa nzima na nusu. Bei ni 6,000 kidevu na taya, mdomo unaongeza 2,000. Nendeni Jumanne au Jumatano asubuhi, uso usiwe na mafuta, na mbebe mtandio wa kujikinga na vumbi mkirudi kwenye daladala.