Seti ya poka ya chipu 300: hesabu nyeupe kwanza
Boksi la aluminiamu, chipu 300 za gramu 11.5, pakiti mbili za karata, kitufe cha mgawaji (alama ya nani anaamua mwisho) na kete tano. (Kete hazina kazi kwenye poka, wape watoto wachezee ludo.) Seti hizi zisizo na chapa hufanana kwa nje, lakini ndani mgawanyo wa rangi hutofautiana. Ukiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, ifungue palepale stendi ya Nanenane, hapa Dodoma, uhesabu nyeupe. Zikiwa 100, chukua. Zikiwa 75, yaani rangi nne sawasawa, zitakutesa mezani.

Sababu ni ukubwa wa madau. Kwa watu sita, nyeupe iwe 1, nyekundu 5, kijani 25. Nyeusi ziache ndani. Kila mtu anapata nyeupe 16, nyekundu 16 na kijani 8, jumla 296, na madau ya lazima ya wawili wanaomfuata mwenye kitufe, dogo na kubwa, ni 1 na 2. Mwenye kitufe akipandisha hadi 5, wa dau dogo akatupa karata, wa dau kubwa akafuata, fungu la katikati lina 11. Karata tatu za wote zikifunguliwa mezani, K, 7 na 2 za aina tofauti, meza ni kavu kama Dodoma ya Agosti. Hakuna cha maana cha kusubiri, na mwenye kitufe ndiye mwenye karata kubwa mara nyingi zaidi. Dau la theluthi ya fungu linamtosha, nyeupe 4, hata kama mkononi hana kitu.

Zikifunguliwa K na J za kopa na 10 ya shupaza, nawe una jozi mbili, theluthi ni zawadi kwa mwenzako. Kufuata 4 kunamtaka ashinde asilimia 21 tu. Mwenye kopa mbili hupata ya tano kwenye karata inayofuata kwa asilimia 19, na kinachopungua atakipata kwako akiipata. Weka 8, nyekundu moja na nyeupe tatu, bei inafika asilimia 30. Kwenye 8, 7, 6 mambo hugeuka: wa dau kubwa hufuata na karata za namna hiyo mara nyingi, basi mwenye kitufe apitishe bila kuweka dau, na bila aibu.

Sasa nyeupe zikiwa 12 kwa kila mtu huisha mapema, na watu huanza kufanya 4 iwe 5, na 8 iwe 10. Tano kwenye 11 ni karibu nusu, kumi ni karibu fungu lote. Hapo dau la meza kavu na la meza iliyoloa, yenye mengi ya kusubiri, yote yameharibika.

Kitufe ndicho kibovu kuliko vyote: cheupe, chembamba, kinapotea kati ya chipu. Kisipohamishwa, anayepaswa kuamua mwisho anaamua mapema, na faida yake imekwenda. Kizibo chekundu cha dumu kinafanya kazi vizuri zaidi.

Karata ni za karatasi. Kwa vumbi na ukavu wa huku hujikunja pembeni, na iliyokunjika hutambulika kwa mgongo. Badilisha kwa za plastiki, zinazofutika kwa kitambaa chenye unyevu, zenye namba kubwa. Uru na kopa zote ni nyekundu. Kwenye taa hafifu mtu hulipia karata tano za aina moja asizokuwa nazo.

Chipu peke yake ni karibu kilo tatu na nusu na mpini ni mwepesi. Libebe boksi kwa chini.