Uzi gani ununue kwa mkoba wa kroshia wenye vinundu: mpangilio wangu kutoka Kigoma

Mkoba wangu wa kwanza wa kroshia ulirefuka njiani. Nilitoka nao sokoni Mwanga ukiwa unanifika kiunoni, ndani kilo mbili za mchele na kifuko cha dagaa. Nilipofika Gungu ulikuwa unanigonga goti. Vinundu nilivyovihangaikia wiki mbili vilikuwa vimelala kama maharage yaliyopondwa. Aliyeniuzia uzi aliniapia kuwa ni pamba tupu, na mimi nikaangalia rangi tu, nikalipa.

Tangu siku ile nimefuma mikoba kwa karibu kila kitu kinachojikunja kwenye sindano, na mpangilio ufuatao umetokana na mikoba hiyo. Unahusu mikoba yenye vinundu peke yake. Ukifuma mkoba laini usio na madoido, karibu uzi wowote utakustahimilia.

Mshono wenyewe mimi nauita bisi. Unafuma nguzo tano (mishono mirefu iliyosimama) ndani ya tundu moja, unachomoa sindano kwenye kitanzi cha mwisho, unaichomeka kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza, kisha unakidaka kile kitanzi na kukivuta kipite. Zile tano zinajikunja na kutuna mbele kama punje iliyopasuka kwenye sufuria. Upo na ndugu yake, ambao kila nguzo unaiacha na kitanzi kimoja bila kuimaliza, halafu unavivuta vyote kwa mpigo mmoja. Huo hutunia upande wa pili, kwa hiyo unafumwa kwenye mstari wa kurudi. Kwa vyovyote, pale ambapo ungeweka nguzo moja umeweka tano. Mkoba unakula uzi na unakuwa mzito hata kabla hujatia kitu ndani. Ndiyo maana uzi uwe wa mviringo, uliosokotwa vizuri, na usiovutika. Wenye manyoya unavificha vinundu, na wenye rangi nyingi zilizochanganywa unavimeza kabisa.

Namba moja kwangu ni pamba nene iliyosokotwa. Kinundu chake kinasimama, mikono haiumii, na ukikosea unafumua bila uzi kuharibika. Shida ni kuipata iliyo pamba kweli. Usione haya kuomba kipande cha urefu wa kidole na kukitoa nje ya duka.

"Kaka, naomba nikichome kidogo."

"Uchome uzi wangu, dada?"

"Kidogo tu. Ikiwa pamba nachukua mabonge manane."

Atakubali. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanakuwa vumbi. Uzi wa plastiki wa viwandani unayeyuka, unajikunyata, na unaacha kidonge cheusi kigumu ambacho kucha haikivunji. Ukiona majivu na kidonge kwa pamoja, ni mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi, ila usilipe bei ya pamba. Halafu shika uzi kwa vidole vya mikono miwili, uzungushe kinyume na msokoto wake. Ukifunguka upesi na kutawanyika, jua sindano itaupasua kwenye kila bisi, na utatukana peke yako usiku. Rangi iliyokolea, hasa nyekundu na bluu, ilowanishe na uifute kwa kitambaa cheupe kabla hujatoa pesa.

Bei usiilinganishe kwa bonge, ilinganishe kwa mita. Tuseme bonge moja lina gramu 50 na lebo inasema mita 125, la pili lina gramu 100 na mita 200. La pili linaonekana kubwa, na likiuzwa mara mbili ya la kwanza unadhani ni sawa kwa sawa. Siyo. Mabonge mawili madogo yanakupa mita 250. Kweli, uzi wa bonge kubwa ni mnene zaidi, na hilo unaweza kulitaka, lakini amua ukijua. Ukikosa pamba nene, chukua ile nyembamba ya kufumia vitambaa vya makochi, uunganishe nyuzi tatu au nne kwa pamoja. Mkoba ninaotembea nao sasa ni wa namna hiyo.

Pamba ina kasoro zake. Inakunywa maji, na masika hapa si utani. Kubwa zaidi ni mawese. Tone moja tu kutoka kwenye dumu la jirani kwenye daladala, mkoba mweupe ushapata alama ya chungwa ambayo sabuni itaipunguza lakini haitaimaliza. Siku hizi nanunua kahawia au kijani cha zeituni. Kifupi, rangi iwe ya kati: nyeusi inavifuta vinundu, nyeupe inaalika mawese.

Namba mbili itawashangaza wasiokaa karibu na ziwa: uzi wa nyavu. Nilikwenda kuutafuta kwenye duka la zana za uvuvi upande wa Kibirizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wavu wa nini, dagaa au migebuka?"

"Mkoba, mzee."

Akaniangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Mkoba! Basi humo hata nyanya haitoroki."

Hakukosea. Uzi huu ni wa nailoni, umesokotwa kikamilifu, ni wa mviringo, na bisi zake ni ngumu kama kokwa. Haukai na maji. Mkoba ukinuka samaki unaufua, unaukung'uta, na baada ya muda mfupi umekauka. Kwa mkoba wa sokoni ningeuweka namba moja bila kusita, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mkoba wa sokoni kila nyumba inauhitaji.

Kwenye roli utakuta maandishi kama 210D/36. Yasikutishe. 210D maana yake mita 9000 za uzi mmoja mdogo zina uzito wa gramu 210, na 36 ni idadi ya hizo nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Zidisha, gawa kwa 9000, unapata gramu 0.84 kwa mita. Robo kilo ni kama mita 300, pungufu kidogo kwa sababu msokoto unaufupisha uzi. 210D/60 ni gramu 1.4 kwa mita, robo kilo kama mita 178. Kwa mkoba chukua huo wa 60, au ule wa 36 uufume nyuzi mbili kwa pamoja. Kwa nini basi si namba moja kwa kila mkoba? Unateleza, unakata kidole cha shahada usipokifunga plasta, na fundo la kawaida linafunguka lenyewe. Ncha lazima uziyeyushe kwa kiberiti cha gesi. Rangi ni chache. Na ukiuacha mkoba juani miezi kwa miezi, nailoni inachoka.

Namba tatu ni kamba ya makrame (ile ya kusukia mapambo ya mafundo) ya poliesta, milimita 3 hadi 5. Kwa uzuri wa kutazama inashinda zote, vinundu vinakuwa kama ndimu ndogo. Lakini ni nzito, sindano yake ni milimita 6 hadi 8, na kifundo cha mkono kitakuuma. Mimi huiagiza Dar es Salaam. Ukiagiza kwa simu, muombe muuzaji aipige picha kamba ikiwa kando ya sarafu, kwa sababu "nene kiasi" kila mtu ana yake.

Namba nne ni uzi wa sweta, huo ulioniaibisha. Uko kila duka, una kila rangi, na bei yake haitishi. Unavutika kwa uzito na unaota vitonge. Ununue kwa kipochi cha simu au kimkoba cha mtoto, utie bitana, na usiupige pasi kamwe, maana joto linavilaza vinundu na haviamki tena.

Vipande vya fulana za mitumba ni namba tano. Vinavutika kama mpira, na mkoba wa bisi unakuwa mzigo peke yake. Vifanye zulia la mlangoni. Katani sijaipa hata namba: inakwaruza nguo za ubavuni. Kwa kikapu cha kukaa nyumbani, sawa.

Kiasi cha kununua usikisie. Nunua bonge moja, fuma kipande cha bisi cha sentimita 10 kwa 10, kipime. Changu nilikipeleka kwa mama muuza dagaa mwenye mzani wa kidijitali: gramu 25. Mkoba wa sentimita 30 kwa 30, pande mbili, ni vipande 18 vya namna hiyo, yaani gramu 450, bado mishikio. Nikanunua gramu 600. Kabla ya kulipa angalia namba ya rangi na ya mkupuo wa kutia rangi (lot) kwenye kila lebo zifanane, na uchukue zote siku hiyo hiyo. Nilirudi mara moja baada ya wiki tatu kuongezea bonge moja la "kahawia ile ile", na mkoba ule una mstari karibu na mdomo ambao kila mgeni anadhani niliukusudia.

Sindano chukua ndogo kidogo kuliko lebo inavyoshauri, ili kitambaa kikaze. Lebo ikisema 5, mimi natumia 4. Bitana naichagua mwisho, mara nyingi kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi, na naishona kwa mkono ikiwa fupi kuliko mkoba kwa upana wa vidole viwili, uzito uning'inie kwenye kitenge na bisi zibaki zimesimama.