Springi fupi za Eibach kwenye Altezza yenye shokapu za zamani

Seti ninayoitathmini hapa ni Eibach Pro-Kit, yaani springi fupi za kushusha gari, iliyofungwa kwenye Toyota Altezza inayotembea Dar es Salaam, huku shokapu zikibaki zilezile ambazo gari lilikuja nazo kutoka Japani. Mpango ulikuwa shokapu mpya zinunuliwe baadaye, mfuko ukiruhusu. Utaratibu huu ndio unaofuatwa na wengi, kwa sababu springi ni nafuu kuliko shokapu na matokeo yake huonekana kwa macho siku hiyohiyo: gari linashuka, pengo kati ya tairi na bodi linazibika, na picha inapendeza. Ndiyo maana tathmini hii inagusa mambo mawili, yaani ubora wa springi zenyewe na busara ya kuzifunga kabla ya shokapu.

Kuhusu springi zenyewe sina lawama. Zina alama zinazotofautisha za mbele na za nyuma, rangi yake ni nzito, na zilikaa kwenye vikombe vyake bila fundi kulazimisha chochote. Gari lilishuka takriban milimita 30, kipimo kikichukuliwa kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi. Kwa Altezza yenye rimu za inchi 17 na matairi ya 215/45, urefu huo unatosha kabisa. Anayetaka kushuka zaidi ajiandae kukwangua bampa kwenye kila tuta. Kwenye kona gari halilali tena kama zamani, na usukani unajibu upesi zaidi.

Tatizo linaanza barabara inapoharibika. Pua ya gari ilikuwa ikishuka kutoka kwenye tuta, inarudi juu, inazama tena, na kabla haijatulia matairi ya nyuma nayo yanalipanda tuta lilelile. Kwa mwendo mdogo hali hii ni kero tu, lakini kwenye kona yenye viraka vya lami tairi hupoteza mshiko kwa nukta chache, na hapo si suala la starehe tena.

Sababu yake iko wazi kwa anayejua kazi ya kila kifaa. Springi hubeba uzito na kuhifadhi nguvu ya mshtuko. Shokapu ndiyo inayoimaliza nguvu hiyo kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Springi fupi lazima iwe ngumu zaidi, la sivyo gari lingegonga chini kila mara. Nguvu ya kutuliza inayohitajika huongezeka kwa kipeuo cha pili cha ugumu wa springi, kwa hiyo springi iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 30 huitaka shokapu iongeze kazi kwa takriban asilimia 14. Shokapu nzima ya kiwandani inaweza kulimudu ongezeko hilo, na springi za kiasi hiki hutengenezwa kwa kuzingatia jambo hilo. Lakini sharti ni kwamba shokapu iwe nzima, na Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Fundi anayekuambia kwamba shokapu zako bado zinafaa kwa sababu tu hazivuji, huku akibonyeza bampa kwa mkono mara moja, hajakupimia kitu.

Tulipozitoa baadaye, ukweli ulijionyesha wenyewe. Shokapu moja ya mbele ilikuwa na tope la vumbi na mafuta shingoni. Nilipoisimamisha sakafuni na kuibonyeza fimbo yake, ilizama sehemu ya mwanzo bila upinzani wowote, kisha ndipo ikashika. Raba inayokaa kwenye fimbo hiyo ili kuzuia kugonga mwisho ilikuwa imekatika vipande viwili. Hilo halishangazi: gari likishuka milimita 30, shokapu ya urefu wa kawaida inaanza safari yake ikiwa imeshapoteza sehemu ya nafasi yake upande wa kushukia, na raba hiyo inapigwa kila shimo. Wapo mafundi wanaoikata ili kuongeza nafasi. Kama maelekezo ya seti hayajasema hivyo, usiwaruhusu.

Hoja ya gharama nayo ina upande mwingine ambao wauzaji hawautaji. Kwenye Altezza springi imevishwa juu ya shokapu pembe zote nne, kwa hiyo kubadili shokapu baadaye ni kurudia kazi ileile: kufungua mkono unaoshika tairi, kuibana springi kwa kampresa (kifaa cha kubania springi), kufunga upya, na kulipia alaimenti, yaani kurekebisha pembe za matairi, mara ya pili. Alaimenti haikwepeki, kwa kuwa gari likishuka matairi hulalia ndani na kuanza kuliwa upande ambao hauonekani mpaka upige magoti. Boliti za bushi (raba za kwenye maungio ya mikono) nazo zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, wala si likiwa linaning'inia kwenye jeki; bushi iliyokazwa ikiwa imejipinda huchanika mapema.

Shokapu mpya za KYB, ambazo Kariakoo hazisumbui kuzipata, zilibadilisha kabisa hukumu yangu juu ya springi hizi. Gari sasa linashuka tutani mara moja na kutulia. Bado ni gumu kuliko la kiwandani, ila ugumu huo una nidhamu. Kwa magari yanayoshushwa, kampuni ya Bilstein ina shokapu ya B8, yenye fimbo fupi, na kwa mwenye uwezo hiyo ndiyo njia safi zaidi, mradi ahakikishe ipo ya gari lake.

Springi nazipa alama ya juu. Utaratibu wa kuzitanguliza naupa alama ya chini sana. Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua shokapu uziweke na springi za kiwandani, kwa sababu gari litafaidika tangu siku ya kwanza. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi yenye mifereji asinunue springi fupi kabisa. Na springi za kiwandani ulizozitoa zisiachwe gereji: mnunuzi wa mkoani atakapokuja kuliangalia gari, swali lake la kwanza litakuwa kama linaweza kurudishwa juu.