Jozi mbili za glavu: uzoefu wangu wodi ya wazazi, Mtwara

Nina hasira hadi leo, ndiyo maana naandika. Ilikuwa kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, kipindi ambacho huku Tandahimba mifuko imekauka, na mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Jioni akaanza kulalamika kichwa, macho yanaona ukungu, miguu imevimba hata ndala haziingii. Zahanati ya kijijini wakampima, presha iko juu mno. Nesi wa pale hakupoteza muda, akapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito. Hapo sina la kulaumu. Gari lilikuja usiku ule ule, dereva ni mtu wa huku huku kwetu, na hakutudai hata mia kwa sababu mfumo wenyewe ndio unaomlipa. Nikajua tumeshapona.

Tukafika hospitali, sitaitaja. Mlango wa leba umebandikwa tangazo kwamba huduma kwa wajawazito ni bure. Chini ya tangazo hilo hilo nesi akachukua beseni letu la bluu akalimwaga kwenye benchi. Khanga tatu, pamba, wembe, mpira wa kulalia, kibana kitovu. Anahesabu kwa kidole. "Glavu?" Nikamwambia, dada samahani, tumetoka kwa dharura, glavu hatukuwahi kununua. Akamwangalia mdogo wangu aliyeegemea ukuta, akasema benchi zima likasikia: "Kubeba mimba mmejua, kubeba glavu mmesahau?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kitu cha wizi. Binti ana miaka kumi na tisa, kichwa kinampasuka, na anaaibishwa mbele za watu kwa ajili ya glavu!

Nikatoka mbio hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara, na hela ambayo shemeji alipewa na mnunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, zikiwa bado mtini. Muuzaji aliponiona nahema hakuniuliza nataka nini, akaweka jozi mbili kaunta. Amezoea.

Narudi, nakuta nesi yule yule ameshaanza kazi na glavu mkononi. Ameshampiga sindano ya mshipa na nyingine mbili za matakoni, za kuzuia kifafa cha mimba. Zangu akazipokea bila neno, akaenda kuziweka kwenye beseni la mama wa kitanda cha pili. Ndipo nikaelewa alizovaa kazitoa wapi.

Usiku kucha hakukaa. Wajawazito wanne, yeye peke yake. Alfajiri mtoto akalia, wa kike, na mama yake mzima. Kwa hiyo nimpe alama gani mtu huyu? Nilikuja hapa kuandika sifuri. Amemwokoa mdogo wangu, Mungu amlipe. Lakini neno lile alilisema, na mdogo wangu mpaka sasa akitajiwa kliniki ananyamaza.

Hasira yangu imehama kidogo. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito asilipe. Vifo vya wazazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na nafurahi kwa dhati, maana mdogo wangu angeweza kuwa ndani ya hesabu hiyo. Lakini bure gani hii inayoanzia duka la ng'ambo? Tangu 2017/18 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati yenye wananchi ndani. Basi kamati zije kwenye mkutano wa kijiji zitusomee: glavu katoni ngapi zimenunuliwa, zimeisha lini, nani kaagiza nyingine. Na zamu ya usiku waongezwe watu. Tusiwaache manesi wakavutana na wazazi juu ya beseni.

Nyota mbili. Ya gari peke yake ningetoa tano. Ya sindano pia tano. Ya neno lile sina nyota.

Jirani yangu ana miezi minane sasa. Juzi kaniuliza anunue glavu jozi ngapi. Nimemwambia nne, mbili za mwenzake.